Onyo, Kisha Mzee wa Kufariji

Katika karne ya 6, huko Italia, Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake Kanuni. Monasteri haikuwa mahali pa sala tu. Palikuwa na jiko, ghala na bustani, na kwa hiyo palikuwa na wachelewaji, wakaidi na wanung'unikaji, kama ilivyo makazini kwetu.

Akifuata agizo la Bwana katika Mathayo 18, Benedikto aliweka hatua. Mkosaji aonywe faraghani, mara ya kwanza na ya pili. Asiposikia, akemewe mbele ya wote. Akizidi kushupaa, atengwe. Viboko navyo vilikuwamo, hilo hatuliigi.

Lakini tusome sura ya 27. Huyo aliyetengwa, abati amtumie kwa siri ndugu wazee wenye busara, wamfariji asije akamezwa na huzuni. Abati amepewa kuuguza roho dhaifu, si kuwatawala kwa mabavu walio wazima. Hata aliyefukuzwa kwa kosa lake, akiahidi kujirekebisha, aweza kupokewa tena, hadi mara ya tatu.

Leo, hapa Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Ni jambo jema. Ila sheria haimtumi mzee kwa mfanyakazi aliyevunjika moyo. Hilo limeachwa kwetu. Ndugu msimamizi, yule uliyempa barua ya onyo, umemtuma nani akamwone?