Kusimama bila kushika: kutoka Paris hadi Kibirizi

Wadau, kila nikitaja baleti kijiweni naambiwa hayo ni mambo ya Wazungu, miili yetu haikuumbwa kwa kusimama kwenye ncha za vidole. Anayesema hivyo sidhani kama amewahi kufika Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi ikishusha dagaa.

Kwanza, hao Wazungu wenyewe walianza kwa kushikiliwa. Mwaka 1796, jijini London, Charles Didelot aliwanyanyua wachezaji wake kwa nyaya ili waonekane wanagusa jukwaa kwa vidole tu. Ilipofika mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide mjini Paris, akisimama hivyo kwa nguvu zake mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa vya satini laini, vimetiwa nyuzi za kuviimarisha, bila ile ncha ngumu ya leo. Kilichombeba ni misuli.

Mpaka leo somo la baleti huanza kwa kushika mti uliofungwa ukutani, halafu mchezaji anakuja katikati ya chumba. Hapo ndipo penye kazi! Aliyezoea kuukaba ule mti huyumba mara tu mkono unapoachia. Dawa yake ni kuugusa tu tangu mwanzo, uzito ukae juu ya mguu unaosimamia, tumbo na mgongo vikaze, macho yatazame mbele. Kuyumba kwenyewe hakuishi. Kifundo cha mguu hurekebisha kidogo kidogo muda wote, na anayejikakamaza ndiye anayeanguka. (Watoto wasikimbilie vile viatu kabla vifundo havijapata nguvu, tafadhali.)

Sasa mtazame mama wa Kibirizi. Beseni kichwani juu ya ngata, mikono huru, mchanga unadidimia, na anapiga soga. Shingo imetulia, kiuno ndicho kinachofanya marekebisho.

Ujuzi huo ni wa zamani sana huku. Katika karne ya 19 misafara ilitembea zaidi ya kilomita 1,000 kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kubeba begani, wale wa pwani kichwani. Sitaki kuipamba historia hiyo, maana wengine waliokuwa njiani walikuwa watumwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Na jirani zetu Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu, bado huingia uwanjani na ngoma nzito vichwani, wakiimba na kuzipiga huko huko juu. UNESCO iliitambua ngoma hiyo mwaka 2014.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma habari za Mike Wamaya, aliyefundisha baleti watoto wa Kibera, Nairobi. Darasa lilikuwa chumba cha shule, madawati yakisukumwa pembeni. Mti wa ukutani haukuwepo, wala kioo. Wengi walicheza pekupeku.