Sauti Isiyo na Waya: Habari ya Maikrofoni ya Upepo na Wajibu wa Aishikaye

Katika vijitabu vya jubilei tumezoea kusoma habari za majengo: ni nani waliofyatua matofali, ni lini bati liliezekwa, kengele ilitoka wapi. Habari hizo ni njema, nazo zastahili kuandikwa. Lakini liko jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni namna neno lilivyosikiwa. Maana nyumba hata ikiwa nzuri namna gani, mtu aketiye nyuma asiposikia kitu, amekuwa kama mtu aliyebaki nyumbani kwake. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza watu wa Unyambwa, na walimu wao, habari ya chombo kidogo ambacho siku hizi hushikwa mkononi na kusemewa pasipo waya, yaani maikrofoni isiyo na waya: kilitoka wapi, hufanyaje kazi, na kinamdai nini yule anayekishika.

Wazee wetu walikuwa na njia zao za kuwaita watu. Methali yasema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ilipigwa, ngoma ikapigwa, na baadaye kengele. Na mahali pasipokuwa na kengele, rimu ya gurudumu la motokaa ilitundikwa mtini ikagongwa kwa chuma. Vyombo hivi vyafika mbali, lakini vina upungufu mmoja: vyasema tu ya kwamba liko jambo, havisemi ni jambo gani. Ili kulijua lile jambo yawapasa watu wakusanyike na kumsikia mtu akinena kwa kinywa chake. Hapo ndipo shida ilipoanza. Sauti ya mwanadamu katika uwanja mtupu hupungua upesi. Nguvu yake katika mita 2 ni robo tu ya ile iliyokuwako katika mita 1. Katika mita 4 ni sehemu moja ya kumi na sita. Tena nchi ya Singida ni nchi ya upepo, na upepo huchukua maneno kama uchukuavyo makapi. Basi waliokaa mbele walipata neno zima, waliokaa katikati walipata nusu, na wale wa nyuma, ambao mara nyingi ni akina mama wenye watoto wachanga, walipata kuona midomo ikichezacheza tu.

Katika nchi za mbali, wataalamu walikuwa wakitafuta namna ya kupeleka habari angani pasipo waya. Tarehe 23 Desemba 1900, Reginald Fessenden, aliyezaliwa Kanada, alifaulu huko Marekani kupeleka sauti ya mtu kwa mawimbi ya redio mwendo wa kilometa 1 na nusu hivi. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi wa Italia alipokea upande wa pili wa bahari ya Atlantiki alama zilizotumwa kutoka Uingereza. Tangu hapo jambo hili likaenea. Nairobi ilipata kituo cha redio mwaka 1928. Tarehe 12 Februari 1931 kituo cha Vatikano, alichokijenga Marconi mwenyewe, kilifunguliwa na Papa Pius XI. Kwetu Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likawa shirika la utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Makanisa nayo yalishika njia hiyo. Mwaka 1963 kituo kilichoitwa Sauti ya Injili kilifunguliwa Addis Ababa, katika Ethiopia, chini ya shirika la Walutheri duniani. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, vikatiwa katika kanda, kanda zikasafirishwa mpaka Addis Ababa, na kutoka huko vikarushwa tena kwa masafa mafupi hata vikarudi kusikiwa Tanzania. Tazama safari ya neno moja: limenenwa chini ya Kilimanjaro, likaenda Ethiopia kwa ndege, likarudi kwa upepo. Kazi hiyo iliendelea hata Machi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo kile.

Serikali yetu pia ilitumia redio kwa mafundisho. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni kubwa ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapata milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kusafisha maji. Walimu wengi wenye umri wanakumbuka jinsi kikundi kilivyokuwa na kiongozi wake na redio moja ya betri iliyowekwa katikati.

Sasa msomaji na aangalie jambo moja katika habari hizi zote. Sauti ilitoka Nairobi, ikatoka Vatikano, ikatoka Dar es Salaam, ikatoka Addis Ababa. Wala haikutoka kijijini. Mtu wa kijijini alikuwa msikilizaji. Yeye alikuwa na sikio la redio, lakini hakuwa na kinywa chake. Ndiyo sababu historia ya maikrofoni isiyo na waya yafaa kuandikwa kando ya historia ya vituo vikubwa, ingawa ni kitu kidogo.

Chombo hiki chenyewe kilizaliwa kwa namna ya ajabu kidogo. Mwingereza mmoja, Reg Moores, alitengeneza maikrofoni ya namna hii mwaka 1947, na mwaka 1949 ikatumika mjini Brighton katika mchezo wa Aladdin uliochezwa na watu wanaoteleza juu ya barafu. Chombo kilifungwa katika mavazi ya mchezaji, nacho kikafanya kazi vizuri. Lakini Moores hakuuandikisha uvumbuzi wake, kwa sababu alitumia masafa ya megahezi 76 pasipo ruhusa. Mwaka 1972 aliitoa maikrofoni yake ikawekwa katika jumba la makumbusho ya sayansi, London. Mwaka 1953 kampuni ya Shure ya Marekani iliuza maikrofoni yake iitwayo Vagabond, ambayo mawimbi yake yalifika futi 15 tu, yaani mita 4 na nusu hivi. Basi tangu siku ya kwanza chombo hiki kiliambatana na swali la sheria: hewa ni ya nani, na nani amempa mtu ruhusa ya kuitumia?

Tueleze sasa jinsi kifanyavyo kazi. Sehemu zake ni mbili. Ya kwanza ndiyo ile ishikwayo mkononi au kufungwa kiunoni: hugeuza sauti kuwa umeme, na umeme kuwa mawimbi, kisha huyarusha. Ya pili ni kipokeo, ambacho huyakamata mawimbi, huyarudisha kuwa umeme wa sauti, na kuupeleka katika mtambo wa kukuza sauti na spika. Kwa hiyo mtu ashikaye maikrofoni hii ameshika kituo kamili cha redio, ila ni kidogo sana. Mitambo ya Addis Ababa ilikuwa na nguvu ya kilowati 100 kila mmoja. Maikrofoni nyingi zina miliwati 10 tu. Tofauti yake ni mara milioni 10. Lakini kazi ni ile ile.

Anayetaka kukiweka chombo hiki sawasawa na afuate taratibu. Kwanza, spika ziwekwe mbele ya msemaji, zikiwaelekea watu, wala zisimwelekee yeye. Maana sauti ya spika ikiingia tena katika maikrofoni, huzunguka na kutoa ule mluzi unaoumiza masikio. Pili, kipokeo kiwekwe mahali pa juu, antena zake zikipanuliwa, wala kisifichwe kabatini au nyuma ya ukuta. Mawimbi hupenda njia iliyo wazi. Mwili wa mtu, kwa kuwa una maji mengi, huyazuia, bati huyarudisha, na katika nchi yetu yale mawe makubwa yasimamayo viwanjani yanaweza kuyazuia pia. Vipokeo vizuri vina antena mbili kwa sababu hii: wimbi lililokuja moja kwa moja laweza kukutana na lile lililogonga bati, yakauana, sauti ikakatika, lakini mahali antena moja ikosapo, ya pili huenda ikapata.

Tatu, kiwashe kipokeo peke yake kabla ya kuwasha maikrofoni. Taa yake ikionyesha ya kuwa kimekamata kitu, basi mwingine yumo katika masafa hayo, chagua mengine. Nne, kila maikrofoni iwe na masafa yake. Mbili haziwezi kusema katika masafa mamoja, kama vile watu wawili wasivyoweza kupita pamoja katika mlango mwembamba. Tena zikiwa tatu au zaidi, mafundi hawayapangi masafa kwa nafasi sawasawa, kwa maana mawimbi mawili yakichanganyika huzaa la tatu, nalo huja kuharibu. Tano, weka betri mpya kabla ya mkutano mkubwa. Sita, mtu mmoja atembee na maikrofoni mpaka pembe zote za uwanja, akisema, na mwenziwe asikilize wapi sauti inakatika. Ndipo sauti iongezwe kidogo kidogo.

Naye msemaji ajifunze kuishika: karibu na kinywa, kama upana wa vidole vitatu au vinne, asifunike wavu wake kwa kiganja, wala asikamate mkia wake, maana katika maikrofoni nyingi za mkononi antena imo humo. Asiipulize wala kuigonga ili kuijaribu. Na aseme maneno, ndiyo kazi yake.

Katika habari ya masafa, uko wajibu ambao wengi hawaujui. Katika Tanzania matumizi ya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Zamani maikrofoni nyingi zilitumia nafasi zilizobaki kati ya vituo vya televisheni. Lakini televisheni za namna ya kale zilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikutano ya dunia ya miaka 2007, 2012 na 2015 iliwapa wenye simu za mkononi masafa ya megahezi 694 mpaka 862 katika Afrika na Ulaya. Huko Marekani maikrofoni za megahezi 700 zilikatazwa tangu tarehe 12 Juni 2010. Sasa jihadharini, enyi wazee wa usharika na walimu wakuu: kitu kilichokatazwa kwa mwingine hakikosi kutafutiwa mnunuzi wa mbali. Sadaka ya watu imekusanywa shilingi kwa shilingi, kwa mauzo ya alizeti na kuku. Si vema itumike kununua chombo ambacho kitanguruma kila simu inapoita, au ambacho sheria haikiruhusu. Kabla ya kutoa fedha, someni namba za megahezi zilizoandikwa katika chombo, mkaulize TCRA.

Uko wajibu wa pili, nao ni mzito kuliko huo. Maikrofoni yenye waya husikika katika spika tu. Isiyo na waya hurusha mawimbi pande zote, na nyingi katika hizo hazifichi kitu: mwenye kipokeo cha masafa yale yale, akiwa nje ya ukuta, aweza kusikia. Tena chombo kifungwacho kiunoni hakijui kama aliyekivaa anahubiri au ananong'ona. Mtu akitoka nje kumfariji mjane, au mwalimu akiitwa kando na mzazi mwenye siri ya mtoto wake, naye hakukifunga chombo, siri ile yatangazwa uwanjani, wala hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo desturi hii na ifundishwe kwanza kabla ya desturi nyingine zote: aliyemaliza kusema aifunge maikrofoni yake mwenyewe, na fundi aishushe sauti katika mtambo. Wawili wakilinda mlango mmoja, ni vigumu uachwe wazi.

Uko na wajibu wa tatu. Waya uliifunga maikrofoni mimbarani. Aliyetaka kusema ilimpasa aje mbele, na wengi waliona haya. Waya umeondoka sasa. Lakini ikiwa chombo hiki kitakaa mkononi mwa wale wale waliosimama mbele tangu zamani, basi tumenunua urahisi wa miguu yao tu. Katika mkutano wa usharika, au wa wazazi shuleni, na ipelekwe mpaka benchi la mwisho. Mama aliyekaa karibu na mlango ana swali juu ya ada. Kijana ana neno juu ya kisima. Mzee asiyeweza kusimama ana ushuhuda wa mambo aliyoyaona ambayo hayakuandikwa popote. Wapewe nao wasikike kwa sauti ile ile aliyopewa mwenyekiti.

Basi, ndugu wa Unyambwa, ninyi ambao wazazi wenu walikaa kuzunguka redio moja wakasikiliza sauti za miji ya mbali, leo mmekabidhiwa kinywa kidogo cha miliwati 10. Kiwekeni sawasawa, kilindeni kwa sheria, kifungeni kwa wakati wake, na kipitisheni kwa mkono mpaka kwa yule aliyekaa mbali. Nasi tuliokaa mbele tutajifunza jambo ambalo wa nyuma wamelijua siku nyingi: kukaa kimya na kusikiliza.