Stima
Katika kamusi, stima ni meli ya mvuke. Kwa Wakenya wengi, stima ni umeme. Maana hizo mbili hukutana chomboni, pale kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inapozimika nahodha anapowasha injini. Swali bora ni la mafundi: “Stima inafika?” Kitenzi hicho nakithamini kuliko “ipo”. Betri ya volti 12 yaweza kuwa imejaa, kibadilishi kikatoa volti 5.1 sawasawa, ilhali waya mrefu na mwembamba unapunguza volti njiani. Zikishuka chini ya takriban 4.63, alama ya radi hutokea kwenye skrini. Basi pima kwenye kompyuta yenyewe, wakati injini inawashwa. Kisha fupisha waya, au weka mnene zaidi, na usafishe viungio vilivyoliwa na chumvi.