Sura za Wazee na Habari za Mitaa ya Eldoret

Mji wetu ulianza kwa kuitwa kwa hesabu. Makaburu waliopanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya ng'ombe waliingia nchi iliyokuwa malisho ya Wamasai, kisha ya Wanandi. Nayo ikakatwa mashamba yenye nambari. Posta ikafunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, na kwa nambari hiyo watu wakapaita Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Hayo yameandikwa. Ambayo hayajaandikwa ni habari za watu waliolima mashamba hayo, na za majirani walioijaza mitaa ya Langas, Huruma na Kipkaren.

Kuchorwa sura si jambo geni kwa watu wa Kenya. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson achore watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya asili, naye akachora mamia. Kazi hiyo ni hazina. Lakini aliyeketi mbele yake alichorwa zaidi kama mfano wa kabila lake kuliko kama jirani wa fulani.

Njia nyingine ilikuwa Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Yeye aliwasimulia wanafunzi habari, nao wakachora walivyoiona moyoni. Huko ndiko alikosomea Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, aliyeunda Sanamu ya Uhuru ya Kampala mwaka 1962.

Yafaa tuziunganishe njia hizo mbili kwa ajili ya watoto wetu. Mtoto apewe karatasi na kalamu ya risasi, aende kwa mzee wa mtaa, aombe ruhusa, aketi. Picha ya kamera hupigwa mara moja. Kuchora uso huchukua saa nzima, na katika saa hiyo mzee husema. Mtoto aulize: Ulikuja lini? Ulifanya kazi gani? Mahali hapa palikuwaje? Kisha chini ya picha aandike jina la mzee na maneno aliyoyasikia.

Haja ya jambo hili twaijua. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto, na watu waliokimbilia humo wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Siku zile majirani wa miaka mingi waliitana wageni. Picha peke yake haiondoi chuki. Lakini ni vigumu kumwita mgeni mtu ambaye umechora makunyanzi ya uso wake na kuandika habari za maisha yake kwa mkono wako.

Basi, wazee wetu, mtoto akibisha hodi na karatasi mkononi, mpeni kigoda, nanyi mketi palipo na mwanga.