Mafia mbele ya kamera, 1976

Mwaka 1976 watu wa BBC walifika Mafia na kamera. Waliongozana na Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekuwa amefahamiana na kisiwa tangu 1965, na wakapiga filamu ya maisha ya kijijini kule kaskazini. Mwaka 1978 Waingereza wakaiona sebuleni kwao, ndani ya mfululizo ulioitwa Face Values. Sasa hesabu mwenyewe, msomaji: Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake vya televisheni mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo zamani, tena ya rangi, lakini Mafia si Zanzibar. Watu walirekodiwa kwa ajili ya chombo ambacho nchini kwao Bara hakikuwapo.

Utasikia watu wakisema ndivyo zana za wakati ule zilivyokuwa. Mimi sikubali.

Turudi nyuma kidogo, hadi maabara za Marekani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa bado mwanafunzi wa MIT, alitengeneza programu ya Sketchpad. Ulishika kalamu ya mwanga, ukachora palepale kwenye kioo cha kompyuta, na mchoro ukakujibu: ukiiamuru mistari miwili iwe sambamba, inajinyoosha yenyewe. Mwaka 1969 Ronald Baecker, hapohapo MIT, akaja na GENESYS. Humo mchoraji aliuchora mwendo wenyewe kwa mkono, na katuni ikaufuata. Watafiti wana majina makubwa ya jambo hili. Kwangu ni mazungumzo tu: unachora, inajibu, unasahihisha.

Filamu haikuwa na tabia hiyo. Mkanda ulisafiri mbali, ukasafishwa, ukakatwa mezani na mtu mwingine kabisa. Aliyepigwa picha hakuwa na pa kusemea "hapo toa."

Lakini kuna kisiwa kingine cha wavuvi, Fogo, huko Newfoundland, Canada. Mwaka 1967 wakazi wake walikuwa wakishinikizwa wahame. Colin Low wa Bodi ya Filamu ya Canada, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial, alipiga filamu fupifupi na kuzirudisha kwa wenyewe. Waliorekodiwa walizitazama kwanza, wakaamua kipi kitoke nje. Vijiji visivyozungumza vikasikilizana ukutani, waziri naye akajibu kwa filamu. Hawakuhama, walianzisha ushirika wa uvuvi. Na kamera ilikuwa ya kawaida tu, mkanda wa kawaida tu! Miaka tisa kabla ya ile ya Mafia.

Haki isemwe, Caplan mwenyewe alikuwa na zana nyingine ya kujibiana, tena ya bei poa: daftari. Alimwomba mwanakijiji mmoja, ambaye kitabuni anaitwa Mohammed, aandike shajara kwa Kiswahili. Kalamu ikawa mkononi mwa mwenye maisha yake. Shajara hiyo ni sehemu muhimu ya African Voices, African Lives, kitabu cha 1997. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo linanikera kila nikikishika, lakini sauti ya yule bwana inapenya.

Video ilipokuja, kazi ikawa nyepesi: unarekodi, unarudisha nyuma, mnatazama pamoja jioni hiyohiyo. Miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland huko Mtwara na Lindi uliitumia hivyo, na wavuvi wa pwani ile wakaitumia kusemea uvuvi wa baruti. Mafia wanaijua baruti vizuri. Ni miongoni mwa mambo yaliyoleta Hifadhi ya Bahari ya mwaka 1995. Kisha mwaka 2014 ikaja katuni ya Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, ambayo mtoto aliijibu maswali kwa SMS. Kwa nchi ambayo miaka ishirini nyuma Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza televisheni, si haba.

Siku hizi kijana pale Kilindoni ana kamera, meza ya kuhariri na ukumbi wa sinema ndani ya simu moja. Mimi ningeomba jambo dogo: ile filamu ya 1976 itundikwe shuka huko kaskazini, usiku mmoja, wajukuu waitazame na simu zao mkononi. Waikate watakavyo, waweke sauti zao juu yake, waseme yule ni nani na kwa nini anacheka.