Nyota Inayopanda na Mkono Unaotwaa: Historia Fupi ya Msamiati wa Utawala katika Kiingereza

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya maneno machache ambayo Kiingereza hutumia kuelezea jinsi mtu au kundi linavyofikia mamlaka na kuwatawala wengine. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya maneno hayo humtaja mtendaji, ilhali mengine humficha. Mhakiki wa fasihi, na hasa mfasiri, asipoitambua tofauti hii, huirithi hoja ya mshindi bila kuipima.

Kutoka Mkate hadi Kimo

Kabla ya mwaka 1066, msamiati wa mamlaka katika Kiingereza cha kale ulikaa karibu na ukoo na chakula. Neno "king", yaani mfalme, limetokana na "cyning", lenye uhusiano na "cynn", ukoo. "Lord", bwana, limetokana na "hlafweard", mlinzi wa mkate. William wa Normandy alipoishinda Uingereza mwaka huo, Kifaransa kilitamalaki katika jumba la mfalme na katika uendeshaji wa sheria, na baada ya muda Kiingereza kikapokea maneno mengi yenye asili ya Kilatini. "Dominion" linarejea kwa "dominus", mwenye nyumba. "Sovereign" linarejea kwa "super", juu. Taswira ya mamlaka ikahama: badala ya ukoo na mkate, tunapata umiliki na kimo.

Katika mkondo huo huo liliingia "usurp", kutwaa mamlaka pasipo haki. Hili ni neno linaloutaja mkono uliotwaa. Hata hivyo, historia yaonyesha kuwa hutumiwa na aliyeshinda dhidi ya aliyeshindwa. Mnamo tarehe 22 Agosti 1485, Henry Tudor alimshinda Richard III katika vita vya Bosworth. Henry, ambaye sasa alikuwa Henry VII, alihesabu utawala wake tangu tarehe 21, siku moja kabla ya vita. Kwa hila hiyo, waliompigania mfalme aliyekwisha kutawazwa wakageuka wahaini, na bunge likamtaja Richard kuwa mtu aliyejiita mfalme kwa unyakuzi. Shakespeare alipoiandika tamthilia ya Richard III katika miaka ya 1590, aliyekuwa kwenye kiti cha enzi ni Elizabeth I, mjukuu wa Henry huyo huyo. Si ajabu basi kwamba jukwaani unyakuzi una sura moja tu, nayo ni ya Richard.

Neno Lisilo na Mtendaji

Kinyume cha "usurp" ni "ascendancy". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupanda, lakini lilipitia elimu ya falaki: "ascendant" ni sehemu ya mzingo wa nyota inayochomoza upeo wa mashariki mtu anapozaliwa. Chaucer alilitumia kwa maana hiyo katika karne ya 14. Nyota haimpokonyi mtu kitu, huchomoza tu. Neno lililobeba picha hiyo lilikuwa tayari kuufanya utawala uonekane kama tukio la maumbile.

Ireland ilikuja kuwa ushahidi wa jambo hili. Inakadiriwa kwamba mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki yapata asilimia 59 ya ardhi ya nchi hiyo. Kufikia 1703 walibakiwa na asilimia 14 hivi. Vita, unyang'anyi wa mashamba na sheria za kibaguzi ndivyo vilivyoleta badiliko hilo. Hata hivyo, mwaka 1792, Wakatoliki walipokuwa wakidai haki zao, baraza la jiji la Dublin lilitetea hali iliyokuwapo kwa jina la "Protestant Ascendancy". Edmund Burke, katika barua aliyomwandikia mwanawe mwaka huo, alilichambua neno hilo kama mhakiki: alieleza kwamba awali lilihusu ushawishi upatikanao kwa mapenzi, heshima au werevu, na kwamba sasa lilikuwa limevishwa ubwana mtupu. Wakatoliki hawakuruhusiwa kuketi bungeni hadi mwaka 1829.

Mfasiri wa Kiswahili

Suala hili si geni kwetu. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968. Tamthilia zote mbili zinahoji jinsi mtu anavyopata ukuu. Katika Kiswahili, dola hushikwa, kiti hukaliwa, nchi hutwaliwa: vitenzi hivi vinadai mtendaji. Hata kutawazwa ni tendo la mwingine. Hakuna atawazwaye pasipo wa kumtawaza.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Nasi tuna "nyota ya jaha", na twasema fulani "amepanda" pasipo kumtaja aliyempandisha. Pazia hilo linaweza kufumwa kwa lugha yoyote.

Hitimisho

Tumeona kwamba "usurp" na "ascendancy" yanaweza kusimulia tukio moja kutoka pande mbili: moja likimshtaki mtwaaji, jingine likimwondolea lawama. Kwa hivyo haitoshi mwanafunzi kutafuta katika kamusi kisawe cha neno analolifasiri. Hana budi kwanza kuuliza ni nani aliyelitamka, dhidi ya nani, na wakati huo ardhi ilikuwa mikononi mwa nani.