Kasapa (Lubumbashi)
Kasapa ni mtaa wa Komini ya Annexe, pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wabelgiji waliuanzisha mji huo mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, wakauita Élisabethville, jina lililodumu hadi 1966. Hata hivyo, Kasapa haikupata sifa yake kwa mgodi bali kwa chuo kikuu na gereza.

Ardhi yake ni ya uwanda wa juu, karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, wenye udongo mwekundu na vichuguu vikubwa kupindukia. Vingine katika eneo la Lubumbashi hufikia kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, na vimepimwa vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mafundi huvichimba, wakaufinyanga udongo wake kuwa matofali na kuyachoma. Nyumba nyingi za jiji zilisimama hivyo, kwa jasho la mchwa.

Chuo kikuu kilifunguliwa mjini mwaka 1956. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na sayansi ya jamii yakahamishiwa Lubumbashi. Uamuzi ulikuwa wa kisiasa, ila matunda yake yalikuwa mazuri ajabu: mwanafalsafa V.Y. Mudimbe alifundisha hapo, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, akakusanya kwa mchoraji Tshibumba Kanda Matulu historia nzima ya nchi iliyochorwa kwa picha. Tangu 1981 chuo kinajitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Usiku wa tarehe 11 Mei 1990, majuma machache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi walivamiwa kampasini na kuuawa. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na kusitisha misaada.

Katika gereza la Kasapa, linaloitwa buloko mitaani, wafungwa hutegemea sana bukari (ugali) na mboga wanazoletewa na jamaa zao. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia, wafungwa wapatao 960 wakatoroka, akiwamo Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyehukumiwa kifo mwaka 2009. Septemba 2020 wafungwa waliasi na kulichoma moto, na kwa siku kadhaa wanawake waliofungwa humo walibakwa.